Mrejesho: Kusafisha /etc kwenye seva ya Debian (aina ya Linux)

Wakuu, niliuliza nifanyeje na mafaili yaliyorundikana /etc (folda ya mipangilio ya mfumo) kwenye seva ya duka letu hapa Moshi. Aliyesema nianze na etckeeper, ubarikiwe: ni programu inayotunza kila badiliko la /etc kwenye git (kumbukumbu ya matoleo unayoweza kuyarudisha), kwa hiyo nilifuta bila presha.

Masalia mengi yalikuwa ya programu zilizoondolewa kwa apt remove, amri ya kuondoa programu ambayo huacha mafaili ya mipangilio. dpkg -l, amri ya kuorodhesha programu, inazionyesha kwa alama rc (imeondolewa, mipangilio imebaki), nikazipiga purge, yaani kufuta na mipangilio yake. Mafaili yenye .dpkg-old mwishoni mwa jina ni mipangilio yako ya zamani, .dpkg-dist ni toleo jipya ulilolikataa. Hayo nililinganisha kwa diff (amri ya kuonyesha tofauti za mafaili) kwanza, moja moja, kazi ya kuchosha kweli.

Aliyeshauri rm -rf (kufuta kila kitu bila kuulizwa), hapana mzee.

CUPS, programu ya kuchapisha, nimeiacha. Bosi anasema printa bado iko kwa fundi, itarudi.