Kikundi cha Ukoo: Habari za Mzee

Salma: Shikamooni. Ndiyo natoka wodini. Kamera ya jana, ile ya kupitishwa mdomoni, imeshindikana. Uvimbe wa kongosho umebana utumbo, hawakuweza kufika kwenye mlango wa mrija wa nyongo.

Shangazi Mwana: Marahaba mwanangu. Ya Rabi. Sasa inakuwaje?

Salma: Njia mbili. Atobolewe ubavuni, mpira uingie kwenye ini, nyongo itoke kwenye mfuko wa nje. Au warudi na kamera nyingine yenye altrasaundi kwenye ncha, watoboe kutokea ndani ya tumbo la chakula.

Shangazi Mwana: Watoboe tumbo kwa ndani?? Jamani kaka yangu 😭

Baba Mdogo: Kuna mizizi nimeelekezwa, unachemsha, anakunywa asubuhi na jioni

Idd: Baba mdogo, kwa heshima zote, mizizi tuiweke kando. Mrija umebanwa na uvimbe, hakuna cha kunywa kitakachouachia. Na ini lenyewe limeshaelemewa.

Idd: Shangazi shikamoo. Nyongo inatoka kwenye ini, inateremka kwenye utumbo mdogo. Ikikosa njia inarudi kwenye damu. Ndiyo unaona macho ya njano, mkojo mweusi, choo cheupe, na anajikuna hadi ngozi inachubuka.

Shangazi Mwana: Kujikuna ndiko kunakomkosesha usingizi

Idd: Sasa, mirija ya juu ya kizuizi imejaa, imetanuka. Ini la upande wa kushoto limelalia tumbo la chakula. Altrasaundi ikiwa ndani ya tumbo inauona mrija uliotanuka pale pale ng'ambo ya ukuta, na mishipa ya damu inaonekana pia, daktari anaikwepa. Anapitisha sindano, kisha waya, kisha stenti, yaani kijirija cha chuma cha kuacha njia wazi. Nyongo inaingia tumboni moja kwa moja.

Shangazi Mwana: Na isimwagike humo katikati?

Idd: Inaweza, sikufichi. Kuvuja, damu, maambukizi, stenti kuhama, yote hutokea. Ndiyo maana stenti yake hufunikwa kipande kinachotoka kwenye ini kuingia tumboni. Da Salma, muulize daktari amefanya ngapi. Kazi hii inataka mkono uliozoea.

Baba Mdogo: Isije ikawa wanamfanyia majaribio

Idd: Hapana baba. Daktari Giovannini na wenzake, Ufaransa, waliripoti 2001 kutoa nyongo kwa kamera yenye altrasaundi, wakipitia utumbo mdogo; hii ya kupitia tumbo ikafuata 2003. Kamera ya kawaida, kama ya jana, ni kongwe kuliko hiyo, tangu 1968, na bado huanziwa hiyo mara nyingi.

Salma: Mwenyewe anasema mfuko wa kuning'inia hautaki

Shangazi Mwana: Kwa hiyo akitoka hapo amepona?

Idd: Uvimbe unabaki, shangazi. Ila bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo kwenye damu, ikishuka ndipo madaktari wa saratani wanaweza kumwanzishia dawa zao. Kwa hali ya sasa nyingi hawathubutu.

Shangazi Mwana: Haya. Kama mwenyewe karidhia, mimi nani.

Idd: Da Salma, orodha ya dawa zake unayo? Za moyo hasa.

Salma: Anameza ile ya kuzuia damu isigande. Asubuhi hii nimempa mwenyewe.

Idd: Wodini wanajua?

Salma: Sidhani. Tulikuja nayo kutoka nyumbani.

Idd: Rudi sasa hivi ukawaambie, na kopo lake ubebe. Usiamue mwenyewe kuiacha wala kuiendeleza, mpaka daktari aseme.

Salma: Niko kwenye ngazi