Majani ya mlonge: joto kubwa linatoa viambata zaidi au linaviharibu?

mwanakemia_chipukizi
Wakuu, habari zenu. Kwenye mradi wangu wa chuo natoa viambata vya majani makavu ya mlonge kwa maji: nyuzijoto 25, 60 na 95, kila sampuli nusu saa. Ya 95 imetoka kahawia iliyokolea, ya 25 ni njano nyepesi tu. Je, rangi kukolea maana yake dawa nayo imekolea?

fundi_sanifu
Mdogo wangu, rangi usiitegemee. Maji ya moto hayachagui: yanatoa tanini, sukari na protini pamoja na unachokitaka, na baadhi ya fenoli (kundi la viambata vya mimea) zinaungana na oksijeni humohumo zikawa kahawia.

Joto linalegeza ukuta wa seli, linapunguza mnato wa maji na kuharakisha molekuli kutoka ndani ya jani. Joto hilohilo linavunja viambata dhaifu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha jiko, amua unatafuta kiambata gani.

Mlonge ni mfano mzuri sana. Una glukosinolati (viambata vyenye salfa), na pembeni yake kimeng'enya kiitwacho mirosinesi, kinachozivunja. Ukiponda jani bichi kwenye maji ya uvuguvugu, viwili hivyo vinakutana na kuzaa isothiosianati, viambata vipya vyenye ukali. Ukilitumbukiza zima kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya kinakufa kwanza na glukosinolati zinabaki jinsi zilivyo. Jani lilelile, dawa mbili tofauti! Jambo hili linastahili ukurasa mzima kwenye ripoti yako.

Soma pia habari za Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyetafuta dawa ya malaria. Mwaka 1971 alirudi kwenye maandishi ya tabibu wa Kichina Ge Hong ya karne ya 4, yanayoelekeza kuloweka mmea wa qinghao kwenye maji na kuikamua, kuchemsha hakutajwi. Akatumia etha, kimiminika cha kuyeyushia kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na dawa ikafanya kazi kwa panya wenye malaria. Ndiyo artemisinini, iliyompa Nobel mwaka 2015.

mama_mimea
Naongezea: kama jani lina mafuta ya kunukia, mfano mchaichai, funika chombo. Harufu ikijaa chumbani ujue kiambata kimeshaondoka.

mwanakemia_chipukizi
Asanteni sana. Mimi nalenga polifenoli, yaani kundi mojawapo la hizo fenoli. Nichukue 95 basi?

fundi_sanifu
Usiruke. Polifenoli nyingi hutoka vizuri kati ya 60 na 80, ila pima mwenyewe, ongeza sampuli ya 80. Halafu hakikisha ujazo: kwenye 95 maji mengi yanaruka kama mvuke, kwa hiyo kilichobaki kitaonekana kikali kumbe kimepungua tu. Rudishia maji yaliyopotea hadi ujazo wa mwanzo ndipo upime kwa kitendanishi cha Folin-Ciocalteu, kinachogeuka buluu kikikutana na fenoli. Nacho kinaitikia vitamini C vilevile, na vitamini C inapungua kwenye joto, kwa hiyo tofauti utakayoiona kati ya 25 na 95 usiipe polifenoli peke yake.