Mjadala: Je, wazazi wa Kichina wauze nyumba yao wakaishi na mtoto?

Anayeunga mkono: Sensa ya China ya 2020 ilikuta wastani wa watu 2.62 kwa kaya. Mwaka 2010 walikuwa 3.10. Wazee wanabaki wawili wawili, na wengi wa mjini wana mtoto mmoja tu. Tangu Julai 2013 sheria inawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi mara kwa mara. Ya nini kungoja sheria? Wauze, wamwongezee mtoto pesa ya fleti kubwa, wakae pamoja.

Anayepinga: Mkuu, hapo kwenye kuuza ndipo wazee wanapoumia. Pesa ni ya mzee, hati ina jina la mtoto, pengine na la mkwe. Ndoa ikivunjika, mzee hana pa kurudi. Kama ni lazima kuuza, itumieni haki ya ukaazi, yaani haki ya mzee kuishi katika nyumba yenye jina la mwingine, iliyomo katika Sheria ya Madai ya China, inayotumika tangu Januari 2021. Andikeni mkataba: majina ya pande mbili, nyumba ilipo, masharti, muda. Kisha kaisajilini kwenye ofisi ya usajili wa ardhi na majengo. Familia nyingi zinaishia kwenye sahihi na kuona zimemaliza, kumbe haki hiyo huanza siku ya usajili. Hairithiwi, haiuzwi, na mzee akifariki inakoma, kwa hiyo mtoto hapotezi nyumba. Angalieni pia mkopo: rehani ya benki ikitangulia kusajiliwa, benki ndiyo inayotangulia kudai.

Mchangiaji wa tatu: Kuna njia ya kati ambayo Wachina wenyewe wanaisifu: kukaa karibu kiasi kwamba bakuli la supu linafika kwa mzazi bado la moto. Mimi naiunga mkono, ila kagueni jengo. Majengo mengi ya zamani yana ghorofa sita bila lifti, na mipango ya kuiweka hukwamishwa na wakazi wa chini: wao hawaihitaji, na itawazibia mwanga.

Anayeunga mkono: Na mtoto akiwa mkoa mwingine?

Mchangiaji wa tatu: Basi bima ya afya kwanza, ndugu. Mzee ajiandikishe kutibiwa nje ya mkoa wake kabla hajalazwa. Orodha ya dawa itafuatwa ya hospitali anakotibiwa, lakini kiwango cha kulipiwa ni cha kule alikokatia bima. Asipojiandikisha, sehemu atakayolipa mfukoni huwa kubwa zaidi.