Je, picha ya MRI itatuambia kama mkono wa baba utarudi?

Mwana wa Ujiji: Ndugu zangu, habari za leo. Baba yetu, ambaye ni mshona nyavu hapa Ujiji, alipata kiharusi mwezi uliopita, na tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto umelegea. Picha ya CT, yaani ya ubongo iliyopigwa kwa eksirei, ilionyesha kwamba mshipa uliziba upande wa kulia wa ubongo na kwamba hakuna damu iliyovuja. Sasa ndugu wa Dar es Salaam wanataka tuchange fedha akapigwe huko MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku. Je, itatupa jibu?

Fiziotherapia Tabora: Poleni kwa kuuguza. MRI inaweza kuonyesha kama jeraha limegusa njia ya neva inayotoka juu ya ubongo, ikavukia upande wa pili karibu na shingo na kushuka kwenye uti wa mgongo, na doa dogo lililokaa juu ya njia hiyo laweza kuulemaza mkono kuliko doa kubwa la pembeni. Hata hivyo, watafiti wa Auckland, Nyuzilandi, waliotumia MRI katika utaratibu wao wa mwaka 2012 wa kukadiria maendeleo ya mkono, waliiondoa katika toleo la 2017, wakabaki na nguvu za bega na vidole katika siku za mwanzo, umri, ukali wa kiharusi na, kwa wenye mkono dhaifu sana, kipimo cha kuuamsha ubongo kwa sumaku. Je, mzee ananyoosha vidole?

Mwana wa Ujiji: Juzi, kiganja kikiwa mezani, alinyoosha kidole cha shahada na cha kati, ingawa vilijikunja tena papo hapo.

Muuguzi Mstaafu: Hiyo ni dalili njema, nami naiamini kuliko picha. Ile CT ilikuwa ya lazima, kwa sababu bila kujua kama damu imevuja daktari hawezi kumwanzishia mgonjwa aspirini, dawa inayopunguza kuganda kwa damu, kwa usalama. Hiyo MRI ya sasa haitabadilisha matibabu yake. Fedha hizo zilipieni mazoezi, kwa kuwa miezi 3 ya kwanza ndiyo yenye mafanikio makubwa zaidi. Mpeni nyuzi ashike na kuachia mara nyingi kila siku, na mkono wa kulia usio na ugonjwa usimfanyie kila kitu. Msimnyanyue kwa kumvuta mkono uliolegea, bega litateguka. Dawa za presha, kama ameandikiwa, asiziache hata akijisikia mzima.