Naomba ushauri: nikimpa dada yangu nusu, nimeipinga sheria ya Mungu?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Baba katutoka mwaka jana, mama alishatangulia, tumebaki wawili tu, mimi na dada, na nyumba moja ya ghorofa. Kwa mirathi mimi nina theluthi mbili, yeye theluthi moja. Hilo halina mjadala, na Kadhi hatagawa vingine.

Lakini dada ndiye aliyemuuguza mzee miaka minne. Alikuwa akimpandisha zile ngazi nyembamba, kamshika kiunoni, mimi niko zangu Mombasa kazini. Nataka tuwe nusu kwa nusu. Ami anasema najifanya mwadilifu kuliko Mwenyezi Mungu.

Neno hilo limeninyima usingizi. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, aliliuliza zamani: jema ni jema kwa kuwa limependwa na miungu, au limependwa kwa kuwa ni jema? Kwetu Waislamu pia, Muutazila, kundi la wanazuoni wa kale, walisema akili hutambua wema hata kabla ya wahyi. Ashaira, kundi lililowapinga, wakasema wema ni alioamrisha Mungu. Ami, bila kujijua, ni Ashari mtupu!

Mimi naona sheria imenipa haki yangu, haikunifunga mkono nisitoe. Je, tukigawa kwanza kama ilivyoandikwa, kisha nikampa dada robo ya fungu langu kwa hiba, pana ubaya? Na ami nimjibu vipi bila kumvunjia heshima? Binti zake nao wanasikiliza.