Mke wangu ameanza kusafishwa damu, nimsaidieje bila kumchosha?

Wakuu, habari za jioni. Figo za mama watoto wangu zimefeli kwa sababu ya presha ya muda mrefu. Anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, masaa 4 hivi kila mara. Kwa sasa wanatumia mpira wa shingoni, na juzi wamemuunganisha mishipa ya mkono wa kushoto ili baadaye mashine itumie hapo. Akirudi hana nguvu hata ya kuongea.

Kinachonitesa ni maji. Daktari kampa kipimo cha siku. Nikimkumbusha ananuna, nikinyamaza asubuhi miguu imevimba. Jana kaniambia, "Siku hizi umekuwa askari, si mume wangu." Mliopitia haya mlifanyaje?

Mama wa Tanga: Pole sana kaka. Mume wangu yuko kwenye mashine miaka sasa. Anza na chumvi kabla ya maji, maana chumvi ndiyo inaleta kiu. Acheni ng'onda na vile vidonge vya kuungia mchuzi. Na mle wote chungu kimoja, usimtengee chakula chake, inauma sana. Maji pima asubuhi kwenye chupa, mkabidhi, usiulize tena. Ajipangie mwenyewe.

Nesi mstaafu: Mkono huo asipimwe presha, asitolewe damu, asibebee ndoo wala asiulalie. Kila siku mguse palipounganishwa, utasikia mtetemo. Ukipotea, wahini hospitali siku hiyohiyo. Mpira wa shingoni usilowe. Akipata homa na kutetemeka, au akilala anashindwa kuhema, msisubiri zamu ya mashine. Ndizi na madafu msimpe kabla ya kuuliza, yana madini ya potasiamu, na yakizidi mwilini moyo unaweza kusimama.

Mdau wa Dodoma: Mkuu, siku ya mashine usimletee mazungumzo ya gharama wala ya ndugu. Mwache alale. Na muulizeni daktari mapema habari ya kupandikiza figo. Muhimbili wameanza tangu 2017, na kumpima ndugu wa kuchangia kunachukua muda.

Mleta uzi: Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama, chupa naanza nayo kesho. Ya mzee ni ya ujazo gani, nami nitafute kama hiyo?

Mama wa Tanga: Hapana kaka, usichukue kipimo cha mume wangu. Yeye bado anapata mkojo kidogo, ndiyo maana kaongezewa. Fuata alichoandikiwa mkeo, na mwende naye kununua hiyo chupa, achague mwenyewe.