Mvinyo wa 1974 una ukungu, niumwage?

Dada wa Sinza: Wakuu, habari za jioni. Shemeji katoka Cape Town kaniletea mvinyo mweupe, wa zabibu aina ya Chenin Blanc, kutoka Swartland huko huko Afrika Kusini. Shingoni kuna stika ya 1974. Nikaificha kabatini kama hati ya kiwanja! Jana tumeifungua, tukala na changu wa kukaanga. Rangi ina ukungu kama maji ya dafu, chini kuna mashapo. Imebaki nusu. Umechina?

Babu Zabibu: Binti, 1974 si umri wa mvinyo, ni mwaka mizabibu ilipopandwa. Afrika Kusini shamba la mizabibu likifikisha miaka 35 linaweza kupewa stika hiyo. Mwaka wa mavuno utafute kwenye lebo. Mzabibu mzee huzaa kidogo, ila ladha hukolea. Na ukungu ni kwa sababu haukuchujwa. Wengine huacha juisi ichachuke kwa chachu ya zabibu zenyewe, bila kutia hamira. Mimi naogopa hilo kabati, na joto la Sinza nalijua. Unanukaje?

Dada wa Sinza: Tufaa bivu, asali kwa mbali. Mwishoni kama chumvi hivi.

Babu Zabibu: Mzima huo. Ungenuka siki ningesema tia kwenye kachumbari. Simamisha chupa kwenye friji, kisha mimina taratibu, mashapo yabaki.

Mgogo wa Mjini: Chenin hata Dodoma ipo, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Cape Town ya nini?

Dada wa Sinza: Niletee basi. Ila isiwe ya sukari!